Picha ipi kwanza? Mwongozo wa vipimo vya kujua hatua ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wanaoanzia Dodoma

Maswali ni yale yale, dirishani na kwenye simu. "Mama kaandikiwa CT, jirani anasema MRI ndiyo yenyewe, tufanyeje?" "Altrasaundi imetoka safi, mbona bado wanasema ni saratani?" "Twende Dar moja kwa moja au tupige picha hapa hapa?" Nimeyajibu hapa kwa pamoja, kwa ajili ya mgonjwa na zaidi kwa anayemsindikiza, maana mara nyingi huyo ndiye anayeshika karatasi, hela na simu.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa mlango wa kizazi na kupimwa maabara, yameshatoka na ni saratani. Kama bado hujapimwa kabisa, picha hizi hazikuhusu leo. Nenda kituo cha afya ukapimwe mlango wa kizazi kwanza.

Kabla hujalipa chochote, elewa hivi: CT hupiga picha kwa eksirei, MRI kwa sumaku, altrasaundi kwa mawimbi ya sauti, na kila mashine ina swali lake. Hakuna picha "kubwa" inayojibu yote. Anayeanza kwa kuuliza mashine ipi ni bora huishia kulipa mara mbili. Anayeanza kwa kuuliza daktari anataka kujua nini hulipa mara moja.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Majibu ya kinyama, yenye tarehe kilipokatwa.
- Karatasi ya rufaa inayoeleza daktari aliona na kugusa nini alipompima mama kwa mkono.
- Majibu ya karibuni ya damu: wingi wa damu na kreatinini, yaani kipimo cha figo.
- Kadi ya bima na kitambulisho. Kama hakuna bima na hali ni ngumu, barua ya serikali ya mtaa au kijiji ya kupeleka kwa ofisa ustawi wa jamii.
- Orodha ya dawa zote anazotumia: za kisukari, presha, ARV, za kifua kikuu.
- Picha zote za zamani, hata zile mnazoona hazina maana.
- Bahasha ngumu, kanga mbili, pedi za kutosha, na nguo isiyo na zipu wala vifungo vya chuma.

Angalia majina. Rufaa ikiandikwa Mazengo, bima ikasoma Mazengu na ripoti ikaja na jina la ukoo wa mume, mtapoteza siku nzima mkizunguka kati ya mapokezi na masijala. Sahihisheni mapema, kule kule rufaa ilikoandikiwa.

Hatua kwa maneno machache

Hatua ya I, saratani bado imo ndani ya mlango wa kizazi. Ya II, imetoka kwenda sehemu ya juu ya uke au kwenye nyama za pembeni, ila haijafika ukuta wa nyonga. Ya III, imeshuka hadi theluthi ya chini ya uke, au imegusa ukuta wa nyonga, au imebana mrija wa mkojo hadi figo ikajaa maji, au imeingia kwenye tezi za limfu. Ya IV, imeingia ndani ya kibofu au njia ya haja kubwa, au imeruka mbali, mfano kwenye mapafu au ini.

Zamani hatua ilipangwa hasa kwa mkono wa daktari. Tangu mwaka 2018, mfumo wa FIGO, yaani shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, unaruhusu picha na majibu ya maabara viingie kwenye kupanga hatua. Ndiyo maana shangazi aliyetibiwa zamani hakuandikiwa MRI na wewe umeandikiwa.

Basi, nadharia inatosha.

1. Mama apimwe kwa mkono na daktari wa wanawake

Usiruke hapa. Daktari akishapima njia ya uke na njia ya haja kubwa, anajua kwa makadirio uvimbe una ukubwa gani na kama umeshika pembeni. Makadirio hayo ndiyo yanayochagua picha. Mtu anayekuja na karatasi iliyoandikwa "saratani, CT" bila neno lingine anampa msomaji wa picha kazi ya kubahatisha.

2. Uliza: "Daktari, picha hii itabadilisha nini kwenye matibabu?"

Uliza kwa heshima, lakini uliza. Uvimbe mdogo, usiofika sentimita 4 na usiotoka nje ya mlango wa kizazi, unaweza kufanyiwa upasuaji. Ukifika sentimita 4, au ukishika nyama za pembeni, kawaida matibabu ni mionzi pamoja na dawa. Mgonjwa aliye karibu na mpaka huo ndiye anayefaidika zaidi na MRI. Yule ambaye mkono wa daktari umeshakuta uvimbe umeganda kwenye ukuta wa nyonga hapelekwi upasuaji hata MRI iseme nini, na swali lake linakuwa jingine: figo zikoje, tezi zikoje, mapafu yakoje? Hayo CT inayajibu vizuri.

Nimeona familia ikiuza mbuzi kwa ajili ya MRI ambayo haikubadilisha hata mstari mmoja wa matibabu. Fedha ile ingekuwa nauli na chakula cha wiki kadhaa za mionzi.

3. Altrasaundi ya tumbo na figo

Inadharauliwa kwa sababu ni rahisi na iko hospitali nyingi za wilaya. Mimi naiweka mwanzo. Ndani ya dakika chache inaonyesha kama figo zimejaa maji, na figo ikijaa maji kwa sababu ya saratani hii, mama yuko hatua ya III hata kama uvimbe unaonekana mdogo. Zaidi ya hapo, sisplatini, dawa inayotumika sana pamoja na mionzi, inataka figo nzima. Na dawa ya kontrasti ya CT, ile inayochomwa mshipani ili picha isomeke vizuri, nayo inataka tujue figo zikoje. Kwa hiyo kipimo hiki cha bei ndogo kinafungua au kufunga milango ya vile vikubwa.

Maandalizi: anywe maji kama lita moja saa moja kabla na asikojoe. Kama mkojo unamvuja au hawezi kuuzuia, aseme mapema, asijilazimishe wala asione aibu. Kuna pia altrasaundi ya kupitia ukeni au njia ya haja kubwa. Kwa mtaalamu aliyeizoea saratani hii inasoma uvimbe vizuri sana, lakini inategemea mno mkono wa mpimaji. Kama mama anatoka damu nyingi, aseme kabla haijaingizwa.

Onyo: altrasaundi haithibitishi wala haikanushi saratani ya mlango wa kizazi. Kinyama ndicho kinachosema.

4. Eksirei ya kifua

Pigeni siku hiyo hiyo, isipokuwa kama CT ya kifua imeshapangwa. Inaangalia mapafu, na inaweza kuibua kifua kikuu ambacho hakuna aliyekifikiria. Madoa madogo inaweza kuyakosa.

5. CT

Hospitali ya Benjamin Mkapa, kule upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ina CT na MRI. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile ambayo wenyeji tunaiita General, ina CT. Ulizia kwa simu kabla ya kutoka Kondoa au Mpwapwa. Mashine hupumzika kwa matengenezo.

CT inaona kwa upana: mapafu, ini, figo, mifupa, tezi za nyongani na zile zilizojipanga kando ya mshipa mkuu wa damu tumboni. Haina nguvu kwenye mlango wa kizazi wenyewe, kwa kuwa uvimbe na nyama nzima huonekana karibu sawa. CT ikiandika "haijatoka pembeni", lichukue neno hilo kwa tahadhari.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni fomu iliyoandikwa "CT nyonga" peke yake. Tezi za tumboni na mapafu vinabaki nje, na mama anarudishwa mezani mara ya pili. Hakikisha fomu inasema kifua, tumbo na nyonga, na kwamba ni ya kontrasti kama figo zinaruhusu.

Maandalizi: asile kwa saa 4 hadi 6, maji anywe isipokuwa ameelekezwa vingine. Ataje kama amewahi kudhurika na dawa ya kontrasti, kama ana pumu, na kama anatumia metformini. Dawa ikiingia mshipani, joto linapanda kooni kisha linashuka hadi kinenani, na anahisi kama amejikojolea. Hajajikojolea. Mwambie hilo mapema, maana kina mama wengi hushtuka, wakajisogeza, na picha ikaharibika. Hisia hiyo huisha upesi. Akianza kuwashwa, kuvimba uso au kubanwa pumzi, aseme hapo hapo.

Na kingine: CT si matibabu. Kila mwezi tunampata mtu aliyerudi kijijini akiamini ameshapigwa mionzi ya saratani kwa sababu aliingia kwenye mashine.

6. MRI

Hii ndiyo inayouona mlango wa kizazi kwa undani: urefu wa uvimbe kwa milimita, kama umevuka kwenda pembeni, umeshuka kiasi gani ukeni, na kama kuna utando mzima kati yake na kibofu. Haitumii mionzi ya eksirei. Kama mama ni mjamzito, au kuna hata uwezekano, sema kabla ya picha yoyote. Daktari huelekea huku kuliko CT.

Muda: toka kukatwa kinyama ipite wiki moja hadi siku 10. Damu na uvimbe wa kidonda kipya vinaweza kusomeka kama saratani, na hatua ikapandishwa bure.

Chuma ndicho adui. Mwenye betri ya moyo, klipu za upasuaji wa kichwa, chuma mfupani au kipande cha risasi lazima aseme kabla ya kukaribia mlango wa chumba. Kitanzi cha uzazi kwa kawaida hakizuii kipimo, lakini kitajwe. Pini za nywele, wigi lenye klipu, sidiria yenye waya, hirizi yenye kopo la chuma, shanga zilizotungwa kwenye waya, vyote vivuliwe. Bibi zetu wengi wana bangili za shaba zilizokaa mkononi tangu usichana wao. Shaba haivutwi na sumaku, ila inaweza kupata moto. Sabuni na maji ya uvuguvugu, taratibu, nyumbani siku moja kabla. Usingoje zivutwe kwa nguvu kwenye korido.

Atalala chali dakika 30 hadi 45 ndani ya tundu jembamba, na kelele ni kama mtu anapigilia misumari kwenye bati juu ya kichwa chako. Atapewa vizibo vya masikio na kitufe cha kuita. Wengine huchomwa sindano ya kutuliza utumbo ili picha isitikisike; mwenye presha ya macho aseme. Mara nyingi kontrasti haihitajiki kwa kazi hii, kwa hiyo usidhani umepunjwa kama hukuchomwa.

7. PET-CT, pale tu daktari wa saratani anapoiomba

Mgonjwa anachomwa sukari yenye chembe za mionzi, anatulia kama saa nzima, kisha anapigwa picha. Seli zinazokula sukari nyingi zinang'aa. Kwa tezi na saratani iliyoruka mbali, hii inazipita CT na MRI. Kwa uvimbe mdogo au nyama za pembeni haichukui nafasi ya MRI. Nguvu ya sukari hiyo hupungua nusu kila dakika 110 hivi, kwa hiyo haiwezi kuwekwa stoo kama dawa nyingine.

Ukiandikiwa: asile saa 6, sukari ya damu iwe chini ya 11 (mmol/L), na siku iliyotangulia asilime wala asibebe ndoo. Misuli iliyofanya kazi nayo hula sukari na kung'aa. Akojoe kabla ya picha, kwani dawa hujikusanya kibofuni, jirani kabisa na mahali tunapopatafuta.

Nasema wazi: kwa mgonjwa wa Dodoma, CT nzuri wiki hii inamfaa kuliko PET-CT ya miezi ijayo.

8. Isome ripoti kabla hujaondoka dirishani

Si kazi yako kuifasiri, lakini unaweza kuangalia kama haina pengo. Tafuta: ukubwa wa uvimbe kwa milimita au sentimita, hali ya nyama za pembeni, uke, ukuta wa nyonga, figo zote mbili, kibofu na njia ya haja kubwa, tezi za nyonga, tezi za tumboni. Ripoti isiyotaja figo, rudisha kwa upole uulize.

Kuhusu tezi: CT na MRI huzihukumu hasa kwa ukubwa, na kipimo kinachotumika sana ni milimita 10 kwa upana mfupi. Tezi ndogo inaweza kuwa na saratani ikapita, na tezi kubwa inaweza kuwa imevimba kwa kifua kikuu au VVU. Hata PET-CT hung'aa kwa maambukizi. Kwa hiyo usimfiche msomaji wa picha hali ya mama. Neno "ARV" kwenye fomu linaweza kumwokoa asipandishwe hadi hatua ya IIIC, yaani ile ya saratani kuingia kwenye tezi, bila sababu. Ukikuta herufi ndogo r baada ya IIIC, maana yake tezi zimeonekana kwenye picha. P ni kwamba maabara imethibitisha.

9. Beba picha zenyewe

Mionzi ya matibabu iko, kwa mfano, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa wengi wa hapa ni Ocean Road, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, safari imekuwa nafuu kwa mama anayetoka damu kuliko kukalia kiti cha basi kutwa. Chukua CD pamoja na ripoti. Karatasi peke yake haitoshi, kwa sababu daktari wa mionzi anataka kuona picha, asimuliwe. Ijaribu CD kwenye kompyuta kabla ya kuondoka.

Filamu nyeusi zinazotumika sasa nyingi zimechapwa kwa joto, na joto linaziharibu. Ukiiacha juu ya dashibodi ya gari kwenye jua la Nanenane, au karibu na jiko, inaweza kuwa nyeusi tii. Usiikunje, usiandike juu yake.

Mambo yakikwama

*Kreatinini imepanda.* CT ya kontrasti isimame kwanza. Altrasaundi na MRI bila kontrasti vinaweza kuendelea. Muulize daktari kama figo inahitaji kuwekewa mrija wa kupitisha mkojo. Hilo lisingoje foleni ya picha.

*Damu inatoka nyingi, mama anaona kizunguzungu.* Acheni mambo ya picha, nendeni dharura.

*Mama ameogopa akatoka kwenye MRI katikati.* Hutokea sana. Omba siku nyingine, aje na mtu wa karibu, aingizwe miguu ikitangulia kama mashine inaruhusu, na daktari aulizwe kuhusu dawa ya kutuliza. Asipoweza kabisa, CT pamoja na mkono wa daktari vinaweza kutosha kuanzia.

*CT inasema II, MRI inasema I.* Kwa kinachohusu mlango wa kizazi na nyama za pembeni, MRI ndiyo husikilizwa zaidi. Uamuzi ni wa daktari mwenye picha zote mbili na vidole vyake, si wa kupiga ya tatu kuamua mshindi.

*Ripoti inasema kibofu huenda kimeguswa.* Usishangae kuandikiwa kamera ya kibofu na kinyama kingine. Hatua ya IVA, yaani saratani kuingia kibofuni au njia ya haja kubwa, haipangwi kwa kushuku tu.

*Hela imetosha kipimo kimoja.* Mwambie daktari hivyo hivyo, kabla hajaandika. Altrasaundi, eksirei na mkono vimewapanga wagonjwa wengi hatua, na FIGO inakubali kutumia kilichopo. Pitia ustawi wa jamii kabla ya kulipa, si baada. Fedha ikishaingia kwa namba ya malipo, kuirudisha ni kazi nyingine.

*Picha zimekaa miezi, rufaa imechelewa.* Tegemea kurudiwa baadhi. Piga simu unakokwenda uulize zipi, usirudie zote kwa hofu.